Kifuko cha Mnyoo wa Ini

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili aliniomba niandike somo moja la elimu ya viumbe ambalo mtu aweza kulifuata bila kitabu mkononi. Nimechagua habari za kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kitu hicho ndicho kilichomwua ng'ombe wetu, na mimi ndiye niliyempelekea.

Ng'ombe wetu

Kwetu ni Toro, magharibi mwa Uganda, si mbali na Fort Portal. Nilipokuwa Kidato cha Tatu baba alinunua mtamba wa maziwa, akamfungia bandani, maana shamba letu ni dogo. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yawe karo yangu na ya dada yangu mdogo. Akazaa, na maziwa yakawa mengi.

Ilipofika likizo ya Desemba jua lilikuwa kali, na majani ya mlimani yakakauka. Kazi ya kukata majani ilikuwa yangu. Bondeni kuna kinamasi chenye mafunjo, na kando yake majani mabichi, marefu na laini. Nikaingia majini mpaka magotini, nikakata kwa mundu chini kabisa, hata ile sehemu iliyokuwa ndani ya maji, ili mzigo uwe mzito. Nikayaleta nyumbani yangali yakidondosha maji, nikamtilia ng'ombe horini. Sisi Watoro tuna jina la pili la heshima na upendo, liitwalo empaako, na baba aliniita kwa hilo. Akasema, "Amooti, ng'ombe huyu amepata mtunzaji." Nikafurahi sana, na likizo nzima nikakata majani ya kinamasi.

Mwezi wa Mei nilipata barua shuleni. Baba aliandika kwamba maziwa yamepungua, manyoya yamesimama, na chini ya taya pametokea uvimbe laini kama mfuko wa maji. Nilipokwenda likizo ya Agosti nilimkuta amelala, hawezi kuinuka. Akachinjwa. Mkaguzi wa nyama alipokata ini kisu kilikwaruza kana kwamba kinapita katika changarawe, maana mirija ya nyongo ilikuwa imekuwa migumu kama mifereji ya mawe. Ndani yake wakatoka minyoo bapa, wa rangi ya kijivu na kahawia, wenye umbo la jani, wengine urefu wa kidole. Mkaguzi akauliza, "Huyu alikuwa akila majani ya wapi?" Baba akanitazama, hakusema neno.

Muhula uliofuata mimi nilirudi shuleni, lakini dada yangu alikaa nyumbani.

Safari ya mnyoo

Niliporudi nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi, nikamweleza mambo yote. Hakunilaumu. Alinipa kitabu, akaniambia, "Kwanza ijue safari yake, ndipo utajua wapi pa kumzuia."

Mnyoo yule huitwa na wataalamu Fasciola gigantica. Huko Ulaya yuko ndugu yake, Fasciola hepatica, na safari zao zafanana. Safari ya huyo wa Ulaya iligunduliwa kati ya mwaka 1881 na 1883 na watu wawili, kila mmoja kwa kazi yake: Rudolf Leuckart wa Ujerumani na Algernon Thomas wa Oxford, Uingereza.

Mnyoo mkubwa hukaa katika mirija ya nyongo, na hutaga maelfu ya mayai, nayo hutoka pamoja na mavi. Yai likianguka majini, baada ya majuma mawili au zaidi hutoka mtoto mdogo mwenye vinyweleo vya kuogelea. Mtoto huyo hana budi kumpata konokono wa namna yake katika muda wa siku moja hivi, asipompata hufa. Akimpata humwingia, hugeuka umbo, na kuongezeka sana, hata yule mmoja aliyeingia huwa mamia. Baada ya majuma kadhaa hutoka viluwiluwi vyenye mkia, kama watoto wa chura, ila ni vidogo mno. Kila kiluwiluwi huogelea mpaka kwenye jani au shina lililo ndani ya maji, hujibandika, hukata mkia wake, na kujifungia katika kifuko. Humo hukaa akingoja mnyama aje ale jani. Akisha kuliwa hutoka kifukoni, hutoboa utumbo, huenda mpaka kwenye ini, hulitafuna kwa majuma mengi, na mwisho huingia mirija ya nyongo, kisha huanza kutaga.

Mhesabu ninyi wenyewe: majani niliyakata Desemba na Januari, barua ya baba ilikuja Mei.

Ukuta unavyojengwa

Jambo lililonisumbua lilikuwa hili. Kiluwiluwi ni kiumbe laini kabisa. Maji ya kinamasi yamejaa bakteria na kuvu walao kila kilicho laini. Na tumbo la ng'ombe lina asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha nyama. Vipi kiumbe huyo avuka hayo yote akiwa mzima?

Mwalimu akatuonyesha. Alileta katika chupa pana konokono waliotoka kinamasini, akatuonya tusitie mikono humo, maana konokono wengine wa majini hubeba kichocho. Yeye mwenyewe alivaa glavu. Konokono wa mnyoo wa ini, ukisimamisha gamba lake ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo huwa upande wako wa kulia. Konokono wa kichocho cha mkojo mdomo wake huwa kushoto. Na yule wa kichocho cha matumbo, ambacho ndugu zetu wa Ziwa Albert wanakijua sana, gamba lake limejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa.

Tulitazama kwa kioo cha kukuzia. Viluwiluwi vilijibandika juu ya kipande cha karatasi ya nailoni tulichokitia majini. Kila kimoja kilijikunja kuwa duara, kikajizungusha, mkia ukakatika ukaenda zake ukichezacheza peke yake. Baada ya muda mfupi tuliona vidoto vyeupe, kila kimoja kiasi cha robo ya milimita. Kesho yake asubuhi vidoto vile havikuwa vyeupe tena. Vilikuwa vimegeuka rangi ya manjano, na vingine kahawia. Mwalimu akasema, "Angalieni rangi hiyo. Ndiyo ishara ya kwamba ukuta umekauka na kuwa mgumu."

Mwaka 1965 mtaalamu Dixon aliandika habari za ukuta huo kwa mnyoo wa Ulaya, akionyesha kwamba una matabaka manne. La nje ni protini iliyokazwa, lenye rangi ya kahawia. La pili na la tatu ni mchanganyiko wa protini na sukari za namna ya utelezi. La nne, lililo ndani kabisa, ni protini ngumu ya namna ya kwato na kucha, ambayo nyuzi zake zimefungamanishwa kwa salfa. Vifaa vyote hivyo kiluwiluwi huvibeba mwilini tangu alipokuwa ndani ya konokono, kila namna katika tezi zake, kama fundi abebaye matofali, chokaa na mbao kwa mizigo mbalimbali. Akisha kujibandika huvitoa kimoja baada ya kingine.

Ndizi, chai na ngozi

Sasa nije kwenye kiini cha somo langu: ni nini kinachoukaza ukuta wa nje na kuugeuza rangi? Kazi hiyo ni ya kimeng'enya. Kimeng'enya ni protini ifanyayo badiliko fulani la kikemia lipite upesi, nayo yenyewe isiishe. Kidogo chake chatosha kufanya kazi kubwa. Hiki kinachohusika huitwa fenolasi, na katikati yake zimo chembe za madini ya shaba. Chenyewe huchukua vitu viitwavyo fenoli, huviunganisha na oksijeni, navyo huwa kwinoni. Kwinoni ni vitu vikali, havikai peke yake. Hushika uzi mmoja wa protini mkono huu, na uzi mwingine mkono wa pili, hata nyuzi zote zikafungamana kama nyavu. Protini iliyokuwa ute sasa ni ganda: ngumu, ya kahawia, haiyeyuki majini, na vimeng'enya vya kumeng'enya chakula haviioni pa kuishikia.

Msidhani jambo hili ni geni kwenu. Mama zetu wakimenya ndizi za kupika huzitia majini mara moja. Kwa nini? Kwa sababu ndizi iliyomenywa ikiachwa hewani huwa nyeusi. Weusi huo ni kazi ya kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Katika ndizi nzima fenoli zimewekwa chumba kimoja, na kimeng'enya chumba kingine. Kisu kinapokata vyumba huvunjika, vitu vikakutana, na hewa ikaingia.

Fanyeni jaribio hili wenyewe. Mkate ndizi mbichi vipande vinne. Cha kwanza mkiache hewani. Cha pili mkitie katika maji yachemkayo kwa dakika chache, kisha mkitoe. Cha tatu mkipake maji ya ndimu. Cha nne mkizamishe katika maji baridi. Baada ya saa moja mtaona cha kwanza kimekuwa cheusi. Cha pili hakikugeuka, maana moto umekiharibu kimeng'enya. Cha tatu kimechelewa, kwa sababu ya ukali wa ndimu. Cha nne nacho kimechelewa, maana oksijeni ni haba. Kwa kipande cha ndizi mmekwisha kujifunza mambo matatu yanayotawala kimeng'enya: joto, ukali wa asidi, na hewa.

Mjomba wangu afanya kazi katika kiwanda cha chai. Huko majani mabichi hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha hutandazwa hewani mpaka rangi ya kijani igeuke kuwa ya shaba. Halafu hupitishwa katika hewa ya moto, na kimeng'enya hukoma palepale. Nilipomweleza habari za mnyoo alicheka, akasema, "Kumbe mwanangu, mnyoo naye ana kiwanda cha chai!" Hakukosea sana.

Na watengenezaji wa ngozi hufanya jambo lililo karibu na hilo. Ngozi mbichi huoza. Lakini ikilowekwa katika maji ya magome yenye tanini, nyuzi zake hufungamana, ikawa ngozi ya viatu. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba ukuta wa mnyoo "umedabaghiwa". Aliyetangulia kueleza namna hii ya kudabagha kwa kwinoni katika wadudu ni Pryor wa Cambridge, mwaka 1940, alipochunguza mfuko wa mayai wa kombamwiko, ambao hutoka mweupe na baadaye huwa wa kahawia.

Mnyoo wa ini huitumia hila hii mara mbili. Ganda la yai lake nalo hukazwa kwa njia hiyohiyo, lingali ndani ya mwili wa mama. Fikirini: ni mara mbili anapoacha mwili wa mnyama mmoja ili angoje nje, mara ya kwanza katika yai na mara ya pili katika kifuko, na mara zote mbili hujifanyia sanduku la kahawia.

Ngome na mlango wake

Nilipokwisha kufahamu hayo nilijiona mjanja. Nikamwambia mwalimu, "Basi likizo ijayo nitayanyunyizia majani maji ya ndimu, kimeng'enya kikome." Akaniuliza, "Ngozi iliyokwisha kudabaghiwa, ukiiosha kwa ndimu yarudi kuwa mbichi?" Nikanyamaza. Kimeng'enya ni fundi. Ukisha kujengwa ukuta, kumfukuza fundi hakubomoi nyumba. Jani likifika horini ukuta umekwisha kukauka siku nyingi. Kwa sababu hiyohiyo kuyasuuza majani kwa maji baridi hakutoshi: kifuko kimeshikamana na jani, na maji ndiyo makao yake ya kila siku.

Lakini ngome hii ina mlango. Tabaka la nje laweza kubanduka mnyama anapotafuna, na la ndani likavuka tumbo salama. Kisha, ndani ya utumbo, mnyoo huamka kwa ishara zitokazo kwetu wenyewe: joto la mwili, hewa ya kaboni dayoksaidi, upungufu wa oksijeni, na nyongo. Hapo hutoboa tundu upande mmoja wa kifuko, akatoka. Ukuta ule haukujengwa ili ukae milele. Umejengwa ufunguke mahali pamoja tu, yaani ndani ya mnyama. Jambo hili lilinistaajabisha kuliko yote.

Tena ngome hii ina udhaifu. Ukuta huzuia vimeng'enya vya tumbo, lakini hauwezi kuzuia moto, wala hauwezi kushika maji yasitoke siku nyingi za jua kali. Mahali penye unyevu na baridi kifuko chaweza kukaa miezi kikiwa kizima. Jani likikauka kweli juani, kiumbe aliye ndani hukauka naye. Mimi nililikata jani lililo majini, nikamlisha ng'ombe likiwa bichi. Kama ningaliliacha juani kwanza, huenda mambo yangalikuwa mengine.

Wengine watauliza, je, haiwezekani kumzuia fundi kabla hajajenga? Hilo ni swali zuri. Katika maabara wataalamu wameonyesha kwamba vitu vizuiavyo vimeng'enya vya jamii hii hupunguza mayai ya mnyoo wa kichocho, ambaye ganda la yai lake nalo hukazwa vivyo hivyo. Hiyo bado ni kazi ya maabara, haijawa dawa ya dukani. Labda mmoja wa wasomaji wa gazeti hili ataiendeleza.

Yatupasayo kufanya

Kwa sasa tufanye tuwezayo. Kwanza, ukikata majani ya kinamasi usikate sehemu iliyokuwa ndani ya maji wala iliyo karibu nayo. Kata juu, maana vifuko vingi hukaa chini. Pili, yaanike juani siku kadhaa mpaka yakauke sawasawa, ukiyageuza. Tatu, mnyweshe ng'ombe kwa maji ya bomba au kisima, usimpeleke kinamasini, maana vifuko vingine huelea juu ya maji. Tena mavi yake huanzisha safari upya. Nne, dawa zipo, lakini umwulize bwana mifugo. Albendazoli huwaua wakubwa tu; triklabendazoli huwapata hata wachanga walio njiani. Kumpa ng'ombe dawa isiyofaa kwa wakati usiofaa ni kutupa fedha.

Tano, tujiangalie na sisi wenyewe. Mnyoo huyu hachagui. Shirika la Afya la Dunia limekadiria kwamba watu wasiopungua 2,400,000 katika nchi zaidi ya 70 wana ugonjwa huu. Wengi huupata kwa kula mbichi majani yaotayo majini, au kwa kunywa maji machafu. Majani yakipikwa na maji yakichemshwa, sanduku la kahawia halina nguvu tena. Na mimi niliyeingia kinamasini mpaka magotini naungama kwamba nilijitia katika hatari ya kichocho pia.

Nimalizie kwa habari za nyumbani. Dada yangu alikaa nje muhula mmoja, akarudi shuleni mwaka uliofuata, darasa lake likiwa limemtangulia. Baba alipata mtamba mwingine kwa kulipa kidogo kidogo. Likizo iliyopita nilitandaza majani juani nyuma ya jiko, na jirani akapita akacheka, akasema, "Mwanafunzi huyu apika majani ya ng'ombe!" Baba alikuwa ameketi karibu. Akamjibu, "Mwache. Ajua anachokifanya." Kisha akainuka mwenyewe, akayageuza.